Barabara Nyofu ni Simba Mwenda Pole

Wahenga walinena kuwa simba mwenda pole ndiye mla nyama. Methali hii huwajia wengi akilini wanapotajiwa mtu mkimya mwenye hila, lakini ni wachache mno wanaoikumbuka wanapoabiri basi jijini Nairobi kuelekea Mombasa. Msafiri wa Kenya amezoea kuziogopa barabara zinazotisha waziwazi: mteremko wa Salgaa, kona za Bonde la Ufa, madaraja yanayofurika wakati wa masika. Barabara iliyolala kimya juani, iliyonyooka kama kamba ya mwashi, humwonekania kuwa mahali pa kupumzikia. Hoja ya makala haya ni kwamba dhana hiyo ndiyo hatari yenyewe. Barabara tambarare humwangamiza msafiri kwa wepesi wake, na onyo dhidi yake halitawafikia wahusika barabara mpaka litolewe kwa lugha ambayo kwayo njia hiyo huendeshwa kila siku, yaani Kiswahili.

Njia ya Nairobi hadi Mombasa ina urefu wa takribani kilomita 480. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Mombasa ni kisiwa. Ukigawa mwinuko huo kwa urefu wa njia, unapata wastani wa mita tatu na nusu tu kwa kila kilomita, mshuko mdogo usioweza kuhisiwa na mtu aliyeketi. Milima yenyewe iko mwanzoni mwa safari. Baada ya Mlolongo na Athi River, barabara hupanda, hushuka na kupinda hadi ikapita Salama. Kuanzia Sultan Hamud, mji unaoitwa kwa jina la Sultani wa Unguja aliyetawala kati ya 1896 na 1902, nchi hujitandaza kama mkeka. Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu, Mariakani: miji hiyo hupokezana msafiri kama kijiti cha mbio, na kati ya mmoja na mwingine kuna vichaka, vumbi na lami.

Si kwamba safari hii haina tunu zake. Asubuhi isiyo na mawingu, kilele cha Kilimanjaro huonekana kutoka pande za Emali. Mbele kidogo, milima ya Chyulu hujipanga upande wa kulia, na ng'ambo ya pili uwanda wa Yatta, uliotokana na mtiririko wa volkano wenye urefu wa takribani kilomita 290, huenda sambamba na msafiri kama ukuta usiokoma. Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambamo mpitanjia yeyote hupewa chakula bila malipo wala kuulizwa dini yake. Kuanzia Kibwezi mibuyu hushika doria kandokando ya njia. Baada ya Mtito Andei, mbuga za Tsavo zilizoasisiwa mwaka 1948 hutanda pande zote mbili, na mwenye bahati huwaona ndovu waliopakwa wekundu na udongo wa huko. Mackinnon Road, msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali huwasimamisha madereva wengi wanaotaka kuomba dua kabla ya kuendelea.

Hata hivyo, tunu hizo ni chache zikilinganishwa na saa zinazopita pasi na jambo lolote. Kwa basi, safari huchukua muda wa saa nane au zaidi. Hapo ndipo msafiri anapopaswa kuelewa anachokabiliana nacho. Mababu waliopita njia hii kwa miguu walielewa. Misafara ya karne ya kumi na tisa iliyotoka Mombasa na Rabai kuelekea bara, na ile ya Wakamba iliyoleta pembe za ndovu pwani, haikuihesabu nyika kuwa sehemu rahisi kwa sababu tu haikuwa na milima. Nchi kavu ya Taru iliogopwa kwa kiu. Maji yalikuwa katika mashimo ya mwambani, na aliyekosea hesabu ya siku hakufika. Wajenzi wa reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 nao walipambana na nyika hiyohiyo, na mwaka 1898 simba wa Tsavo wakawanyemelea usiku kambini. Ndiposa katika masimulizi ya watu wa pwani neno "nyika" halikumaanisha uwanda mtupu tu. Lilimaanisha pia mtihani.

Mtihani wa leo si kiu wala simba. Ni usingizi. Ubongo wa mwanadamu hukesha kwa kupewa kazi. Penye kona, dereva hupima, hukata usukani, hubadilisha gia, hukanyaga breki. Kila dakika ina amri yake. Penye unyoofu, kazi hizo huondoka moja baada ya nyingine. Usukani haugeuzwi, mguu hauondoki mahali pake, mvumo wa injini haubadiliki, na vichaka vya kushoto havitofautiani na vya kulia. Macho hubaki wazi, lakini akili huondoka taratibu. Wako madereva wanaofika Voi wasiweze kueleza walivyopita Manyani. Walikuwa wakiona bila ya kutazama.

Baada ya hali hiyo huja lepe la usingizi. Lepe halibishi hodi. Hudumu sekunde tatu au nne, kisha dereva huzinduka akidhani kwamba alipepesa macho tu. Ifanywe hesabu. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mabasi na malori nchini Kenya, husafiri zaidi ya mita 22 kwa kila sekunde. Katika sekunde nne huwa limekwenda takribani mita 90 bila dereva. Gari dogo linalokwenda kilomita 100 kwa saa huwa limekwenda mita 111, umbali unaozidi urefu wa uwanja wa mpira. Penye kona, lepe kama hilo humwangusha mtu mtaroni. Penye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, kama ilivyo sehemu kubwa ya katikati ya barabara hii, humpeleka usoni mwa lori linalotoka bandarini.

Saa za lepe nazo zinajulikana. Mwili wa binadamu hulegea zaidi kati ya saa nane za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi, kisha hulegea tena kwa kiasi baada ya chakula cha mchana. Basi linaloondoka Nairobi usiku huwa katikati ya nyika katika saa hizohizo. Linaloondoka asubuhi huiingia nyika jua likiwa utosini na tumbo la dereva likiwa limeshiba. Ratiba za safari, kwa maneno mengine, humkabidhi dereva kwa usingizi mahali ambapo barabara imekwisha kumwandalia kitanda.

Hatari ya pili ni ile ya kuyapita malori. Njia hii ndiyo mshipa unaotoa mizigo katika bandari ya Mombasa na kuipeleka Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Mwenye gari dogo hukuta trela mbele yake, akatazama upande wa pili, akaona njia nyeupe. Mbona asipite? Tuseme lori linakwenda kilomita 80 kwa saa na gari dogo kilomita 100. Ili gari litoke nyuma ya lori, lilimalize na kurudi upande wake kwa usalama, lazima lipate mita 60 hivi zaidi ya lori. Kwa tofauti hiyo ya mwendo, kazi hiyo huchukua karibu sekunde 11. Katika muda huo gari lenyewe huwa limekwenda mita 300, na gari lingine linalokuja kwa mwendo kama huo huwa limekula mita nyingine 300. Kwa hivyo anayetaka kupita anahitaji mita 600 zilizo wazi kabisa, na iwapo malori yamefuatana mawili au matatu, anahitaji zaidi ya hapo. Ni madereva wangapi hupiga hesabu hii kabla ya kutoa taa ya kiashirio?

Isitoshe, barabara nyofu huyadanganya macho yanayopaswa kuipima. Mchana, lami hupata joto na kuichoma hewa iliyo juu yake; hewa hiyo hupinda mwanga wa mbingu, na dereva akaona maji yanayometameta mbele yake. Kiswahili kina jina la kale la hali hiyo: mazigazi. Ndani ya mazigazi gari linalokuja huweza kuonekana kama linaelea, au lisionekane kabisa hadi likaribie. Usiku, udanganyifu hugeuka. Taa mbili za gari linalokuja kwenye mstari mnyofu huonekana kama nyota zilizosimama. Hakuna mti wala nyumba ya kulinganishia, hivyo jicho haliwezi kusema kama taa hizo ziko kilomita mbili au nusu kilomita. Mwenye papara hukata shauri kuwa ziko mbali.

Aidha, kuna mambo madogo ambayo unyoofu huyakuza. Gurudumu lisilojazwa upepo wa kutosha, likibeba mzigo mzito juu ya lami ya moto kwa saa kadhaa, hupasuka. Na gari lililozoea kwenda bila kuguswa usukani huyumba kabla dereva hajajikusanya. Punda milia, nyati na ndovu huvuka kati ya Mtito Andei na Voi bila kungoja ruhusa ya mtu, na mbuzi wa wenyeji huvuka Taru na Samburu. La kuhuzunisha zaidi ni miji yenyewe. Aliyekwenda mbio kwa saa mbili huzoea mwendo ule hata akipunguza hadi 80 huhisi kama anatambaa. Sheria inamtaka ashuke hadi 50 mjini. Yeye huingia Emali au Maungu akiamini kuwa amepunguza mwendo, kumbe mtoto anayevuka kwenda dukani anamwona akija kama mshale.

Hayo yote yanajulikana. Yamo katika mafunzo ya usalama, na maafisa huyarudia kila msimu wa sherehe za Disemba. Swali linalowahusu wasomaji wa jarida la Kiswahili ni hili: yanajulikana kwa lugha gani? Mtu akikaa penye maegesho ya malori huko Mariakani au Mlolongo, mji ambao jina lake lakumbusha foleni ndefu ya malori yanayosubiri mizani, atawasikia madereva wa kutoka Kampala, Kigali, Goma na Garissa wakizungumza. Wanaulizana hali ya barabara, bei ya mafuta, mahali polisi walipo, mahali gari limeanguka. Lugha yao ni Kiswahili. Cha lafudhi mbalimbali, ndiyo, lakini Kiswahili. Makanga hutangaza vituo kwa Kiswahili. Utingo humwelekeza dereva kurudi nyuma kwa Kiswahili. Lakini dereva huyohuyo anapoinua macho kusoma kibao kinachomwonya, mara nyingi hukuta maneno ya Kiingereza.

Jambo hili ni la ajabu katika nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ambazo wananchi walizibandika jina la waziri John Michuki, zilionyesha kwamba nidhamu ya barabarani yawezekana. Vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama vikawa gumzo la kila kituo cha matatu. Kanuni zile zilishika kwa sababu kadhaa, ukali wa utekelezaji ukiwa mojawapo. Lakini mojawapo nyingine ni kwamba zilijadiliwa na kila mtu, kwa lugha ya kila mtu. Sheria isiyozungumzwa vituoni hubaki katika makabati ya ofisi.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba ishara nyingi za barabarani ni picha, na picha haina lugha. Ni kweli, na ni vyema. Hata hivyo, picha inaweza kuonya juu ya ndovu au kona. Haiwezi kumweleza dereva kwamba mita 600 ndizo zinazohitajika kupita lori, wala kwamba usingizi wa sekunde nne humpeleka mita 90. Maelezo ya aina hiyo yanataka maneno. Wengine watasema kwamba dereva yeyote aliyefaulu mtihani anaelewa Kiingereza cha kumtosha. Huenda anaelewa akiwa dawatini. Mtu aliyechoka, saa tisa za usiku, husikia kwanza lugha anayoiota. Wengine tena watasema dawa ni kupanua barabara yote iwe na njia mbili kila upande, au abiria wote wapande treni iliyoanza kazi mwaka 2017. Upanuzi utapunguza magari kugongana uso kwa uso, na treni imewaondoa wengi barabarani. Lakini lami pana haimwamshi aliyelala, na malori bado yapo. Huenda njia pana na nyofu zaidi ikawa kitanda kikubwa zaidi.

Wenye kazi hapa, basi, ni wanafunzi wa Kiswahili na walimu wao. Kwa muda mrefu istilahi zimebuniwa kwa ajili ya isimu, fasihi na kompyuta. Barabara imeachiwa madereva wajitafutie. Nao wamejitafutia vizuri kuliko inavyodhaniwa. Kinachohitajika si kubuni maneno mapya yanayokwaruza ulimi bali kuyaokota yaliyopo na kuyapa kazi. Mazigazi lipo. Lepe lipo, na linasema kwa silabi mbili kile ambacho wataalamu hukieleza kwa sentensi nzima. Kibao kilichoandikwa "Lepe moja, mita tisini" na kusimamishwa kabla ya Manyani kingesomwa, kingerudiwa, na yamkini kingechekwa. Na dereva anayecheka hajalala. Kingine kabla ya Taru kingesema: "Pita ukiona mita mia sita." Cha tatu penye lango la kila mji: "Umezoea mbio. Shuka hadi 50." Maneno ya aina hii yanaweza kutungwa katika darasa la tafsiri kwa alasiri moja, yakapelekwa kwa mamlaka za barabara, na yakajaribiwa kwa madereva wenyewe kabla ya kupakwa rangi.

Kazi nyingine ni ya abiria. Mwanafunzi wa pwani anayesoma Nairobi au Eldoret husafiri njia hii mara kadhaa kwa mwaka, na mara nyingi huketi akitazama mambo yakiharibika huku ameuma ulimi. Katika mabasi mengi, anayelalamika huambiwa kwamba kama ana haraka ya kuogopa angenunua gari lake. Hapa adabu ya Kiswahili ni silaha bora kuliko makelele. Bibi mmoja akisema kwa upole, "Mwanangu dereva, tuna watoto humu, twende polepole," basi zima humuunga mkono; kijana akifoka, basi zima hugawanyika. Abiria wajifunze kumwambia dereva, "Ndugu yetu, umechoka, tusimame kidogo tunywe chai." Mtito Andei, iliyo katikati ya safari, na Voi baada yake, zipo kwa ajili hiyo. Mapumziko ya robo saa kila baada ya saa mbili, na usingizi mfupi wa dakika ishirini gari likiwa limeegeshwa mbali na lami, ni tiba rahisi kuliko zote. Muziki wa sauti ya juu na dirisha lililofunguliwa humpumbaza dereva akadhani ameamka, kumbe lepe linamsubiri kilomita kumi mbele.

Inadaiwa kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Barabara ya Mombasa inapinga methali hiyo kila usiku. Juu ya lami nyofu, mwenye macho ndiye hasa anayepaswa kuambiwa atazame, aambiwe mara kwa mara, na aambiwe kwa lugha inayomgutusha. Jina Mtito Andei hufasiriwa kutoka Kikamba kuwa msitu wa tumbusi. Waliolitoa jina hilo waliwaachia wasafiri onyo katika lugha yao wenyewe, wakaliweka katikati ya njia ambapo hakuna awezaye kupita bila kulitamka. Wataalamu wa Kiswahili wana wajibu wa kuandika maonyo mengine, kwani mabasi ya usiku wa leo yamekwisha kujaza abiria.